Kuiamuru Redio Irushe kwa Pini ya Maikrokontrola: Pini Tupu, Transista, Optokapla au Relei?

Mtu anayejenga kituo kidogo kinachorusha chenyewe, kiwe ni kituo cha hali ya hewa kinachotuma vipimo kwa masafa ya VHF, kifaa cha APRS (mfumo wa redio za ridhaa wa kutuma pakiti fupi za data) kinachotangaza mahali gari lilipo, au kituo cha Morsi kinachotuma jina lake kila baada ya dakika kadhaa, hufika mahali ambapo programu imekwisha kuandikwa, sauti imekwisha kutengenezwa, na lililobaki ni jambo moja linaloonekana dogo: kuifanya redio iache kupokea na ianze kurusha. Kazi hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya kidole kinachobonyeza kitufe cha PTT (kitufe cha kubonyeza ili kuongea), hukabidhiwa pini ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, na kati ya pini hiyo na redio mjenzi huchagua mojawapo ya njia nne: kuunganisha moja kwa moja, kupitia transista, kupitia optokapla (swichi inayofunguliwa kwa mwanga), au kupitia relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme).

Njia zote nne zinafanya kazi mezani, na ndiyo maana ni rahisi kuchagua kwa kuangalia bei au kile kilichomo kwenye droo ya vifaa. Tofauti zake za kweli huonekana wakati maikrokontrola haina umeme, wakati inapowaka, na wakati programu imeganda, na kwa maoni yangu hizo ndizo hali zinazopaswa kuamua. Redio inayoshindwa kurusha humnyima mtu mmoja taarifa yake, ilhali redio inayorusha bila kukoma huziba masafa kwa kila anayeyatumia, humaliza betri, na mwishowe huweza kuunguza transista za nguvu za redio yenyewe.

Ipime laini kabla ya kuchagua

Katika redio nyingi za mawasiliano, za mkononi na za kwenye gari, laini ya PTT imeunganishwa ndani ya redio na rezista inayoivuta kuelekea volti chanya, na kitufe hakifanyi zaidi ya kuishusha laini hiyo hadi eathi, yaani upande hasi wa saketi. Kwa hiyo maikrokontrola haitakiwi kuipelekea redio umeme, bali inatakiwa kufunga njia kati ya laini na eathi, kisha kuifungua. Anayelielewa hili hataipa laini ya PTT volti 5 kutoka kwenye pini akitumaini kwamba redio itaitikia kwa kurusha.

Chukua multimita upime mambo mawili. La kwanza ni volteji kati ya PTT na eathi wakati redio inapokea. Redio nyingi za kisasa zitakuonyesha volti 3.3, 5 au karibu na 8, na baadhi ya zile za gari zitakuonyesha volteji ileile ya betri, takriban volti 13.8. La pili ni mkondo unaopita laini inaposhushwa, ambao hupimwa kwa kuweka mita kwenye kipimo cha miliampia kati ya nukta hizo mbili. Kipimo hiki kitaifanya redio irushe, hivyo ni lazima antena iwe imeondolewa na mahali pake kuwekwa mzigo bandia wa omu 50 unaohimili nguvu ya redio. Kwa kawaida utaona miliampia chache tu. Transmita za zamani za valvu ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa laini yake ya kuamrisha au ya ufunguo wa Morsi huweza kubeba makumi ya volti au hata zaidi ya 100, na katika baadhi yake volti hizo ni hasi kulinganisha na eathi. Mita itakuambia, na ni vyema ikuambie kabla transista haijaungua.

Mpangilio wa nyaya nao hutofautiana kati ya redio na redio. Baofeng UV-5R, ambayo imeenea sana kwa sababu ya bei yake, hutumia plagi mbili za mtindo wa Kenwood, moja ya milimita 3.5 na nyingine ya milimita 2.5. PTT iko kwenye sehemu ya chuma iliyo karibu na mpini wa plagi ya milimita 3.5, na eathi iko kwenye sehemu kama hiyo ya plagi ya milimita 2.5, ili zikigusana redio irushe. Fundi aliyezoea kwamba sehemu hiyo ya plagi daima ni eathi huunganisha zote mbili na boksi moja la chuma, na redio ikaanza kurusha papo hapo. Redio nyingine za mkononi, zikiwamo nyingi za Icom na Yaesu, hazina laini ya PTT ya pekee. Hizo hurusha pale mkondo mdogo unapovutwa kutoka kwenye laini ya maikrofoni kupitia rezista, na thamani ya kiloomu 2.2 hutumika mara nyingi. Upande wa redio za gari mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa tundu la data la pini 6 lililomo katika nyingi kati yake limewekewa mpangilio unaofahamika, ambapo pini ya 2 ni eathi na pini ya 3 ni PTT.

Pini tupu

Kuunganisha pini moja kwa moja na PTT kunavutia kwa kuwa hakuna cha kununua. Mbinu yenyewe ni kutoiweka pini katika hali ya juu, yaani yenye volti, hata mara moja: programu huiweka iwe pini ya kutoa ikiwa chini ili redio irushe, kisha huirudisha kuwa pini ya kupokea ili iiache laini huru. Kama volteji ya laini haizidi volteji ya maikrokontrola, na mkondo ni miliampia chache, chipu haitadhurika. Katika ATmega328P, ambayo ndiyo chipu ya Arduino Uno, mkondo wa juu kabisa wa pini ni miliampia 40, na volteji kwenye pini haipaswi kuzidi ile ya chipu kwa zaidi ya volti 0.5.

Kikomo hicho cha pili ndicho kinachoiangusha njia hii. Ndani ya chipu, kila pini ina diodi ya kujikinga, yaani kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, inayoelekea kwenye laini ya umeme chanya. Redio yenye laini ya volti 8 itasukuma mkondo kupitia diodi hiyo muda wote inapopokea, na ESP32 au Raspberry Pi Pico, zinazotumia volti 3.3, zitapatwa na hali hiyo hata kwa laini ya volti 5. Baya zaidi hutokea pale maikrokontrola inapozimwa redio ikiwa bado inawaka. Laini ya umeme ya chipu sasa iko karibu na sifuri, diodi ya kujikinga inapitisha, laini ya PTT inavutwa chini, na redio huweza kuanza kurusha kwa sababu tu kifaa kinachoiongoza kimekosa umeme. Siwezi kuipendekeza njia yenye kasoro hiyo kwa kituo chochote kitakachoachwa peke yake.

Mahali inapofaa ni pale upande wa pili ulipotengenezwa kwa ajili ya saketi za kidijitali. Moduli ya DRA818V, ambayo ni redio ya VHF ya MHz 134 hadi 174 iliyofungwa katika kipande kidogo chenye nguvu ya wati 0.5 au 1, ina pini ya PTT inayorusha ikishushwa na kupokea ikipandishwa, na hupokea amri zake nyingine kwa mawasiliano ya kawaida ya kasi ya bodi (baud) 9,600. Hapo, ikiwa moduli na maikrokontrola vinawashwa na kuzimwa pamoja, transista ya kati haina kazi kubwa ya kufanya. Jihadhari tu na pini yake ya kuchagua nguvu, ambayo huachwa huru kwa nguvu ya juu au kushushwa kwa nguvu ya chini, na haipaswi kamwe kupandishwa.

Transista

Transista moja ya NPN na rezista mbili huondoa karibu kasoro zote nilizozitaja. Kati ya miguu yake mitatu, emita huenda kwenye eathi, kolekta kwenye PTT, na beisi huunganishwa na pini kupitia rezista. BC547 huvumilia volti 45 na miliampia 100, 2N3904 huvumilia volti 40 na miliampia 200, na vyote viwili ni zaidi ya mahitaji ya redio nyingi za leo. Rezista ya kiloomu 2.2 kwenye beisi huipa takriban miliampia 1.2 kutoka kwenye pini ya volti 3.3, au karibu 2 kutoka kwenye pini ya volti 5. Kwa kanuni ya tahadhari ya kuhesabu beisi kuwa sehemu moja ya kumi ya kolekta, hiyo inatosha kuivuta laini ya miliampia 12 katika hali ya kwanza na karibu 20 katika ya pili. Transista iliyofunguka vizuri huacha takriban volti 0.2 tu kwenye laini, na redio huihesabu kuwa imeshuka. Ongeza rezista ya kiloomu 10 kati ya beisi na emita, ili pini ikiwa haijaamua lolote transista ibaki haipitishi mkondo.

Maikrokontrola ikizimwa, beisi haina mkondo, kolekta haipitishi kitu, na laini ya redio inabaki juu. Hicho ndicho tunachokitaka. Angalia tu mpangilio wa miguu, kwa sababu BC547 na 2N3904 zinafanana kwa umbo huku kolekta na emita zake zikiwa zimebadilishana nafasi.

Mosfeti ndogo kama 2N7000, aina ya transista inayofunguliwa na volteji, hufanya kazi hiyohiyo bila kuhitaji mkondo kwenye geti, mguu wake wa kuamrisha, na huvumilia volti 60. Hata hivyo sioni kwamba imeishinda BC547 hapa, kwa sababu mbili. Kwanza, volteji inayoanza kuifungua 2N7000 inaweza kuwa popote kati ya volti 0.8 na 3, kwa hiyo kwa pini ya volti 3.3 moja itafunguka vizuri na nyingine kutoka mfuko uleule itafunguka nusu. BSS138, inayoanza kati ya volti 0.8 na 1.5, ni chaguo la uhakika zaidi kwa ESP32 na Pico. Pili, geti isiyoshikwa na chochote huokota chaji kutoka hewani, kutoka kidoleni, na hasa kutoka kwenye mawimbi ya redio yenyewe, na mosfeti ikajifungua bila amri. Rezista ya kiloomu 100 kati ya geti na sosi, mguu wa upande wa eathi, hapa ni ya lazima. Saketi nyingi zinazochorwa haraka huiacha, kisha mwenyewe hushangaa kwa nini redio hurusha kabla programu haijaanza.

Kasoro moja ya transista zote mbili ni kwamba eathi ya maikrokontrola na eathi ya redio lazima ziwe kitu kimoja. Katika kisanduku chenye betri moja inayolisha vyote viwili, tayari ni kitu kimoja, na hakuna cha kupoteza.

Optokapla

Optokapla hutenganisha pande mbili kwa mwanga: upande mmoja una taa ndogo inayowashwa na pini, upande wa pili una transista inayofunguliwa na mwanga huo, na kati yake hakuna njia ya waya. PC817 imepimwa kuhimili volti 5,000 kati ya pande zake, lakini kwa mjenzi wa kituo cha redio faida kubwa zaidi ni kuvunjika kwa mzunguko wa eathi. Kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme wa nyumba, maikrokontrola iliyounganishwa nayo kwa USB, na redio yenye usambazaji wake wa umeme huunda mzunguko ambao mngurumo wa hertzi 50 hupita ndani yake hadi kwenye sauti inayorushwa. Upo pia ubaya mkubwa kuliko mngurumo. Redio ya gari ya wati 50 huvuta takriban ampia 10 inaporusha, na waya wake mnene wa hasi ukilegea, mkondo huo hutafuta njia nyingine ya kurudi, nayo huwa ni waya mwembamba wa eathi unaopita kwenye maikrokontrola na kebo ya USB hadi kwenye kompyuta.

Hesabu ya optokapla inahitaji uangalifu kuliko ya transista. Taa yake hushika takriban volti 1.2, kwa hiyo kwa miliampia 5 rezista ni karibu omu 760 kwa pini ya volti 5, au omu 420 kwa pini ya volti 3.3, na thamani za dukani zilizo karibu ni 680 na 390. Mkondo unaopatikana upande wa pili ni asilimia fulani ya mkondo wa taa, na asilimia hiyo hutofautiana sana: PC817 isiyo na herufi ya daraja inaweza kutoa asilimia 50 tu, ilhali ya daraja C hutoa kati ya 200 na 400. Ile ya kwanza, kwa miliampia 5 za taa, inaweza kuvuta miliampia 2.5 pekee, na redio inayohitaji 4 itabaki katikati, ikirusha leo na kukataa kesho. Taa hizi pia hufifia kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo nunua ya daraja C, na uiachie nafasi ya kutosha juu ya mahitaji.

Usishawishike na optokapla za aina ya Darlington (zenye transista mbili zinazofuatana) kama 4N33 kwa kuwa zina nguvu kubwa zaidi. Zikifunguka kabisa bado huweza kuacha hadi volti 1 kwenye laini, na baadhi ya redio hazikubali kwamba volti 1 ni chini ya kutosha.

Lakini kosa linalozifanya optokapla nyingi zisiwe na maana halimo kwenye hesabu. Mjenzi hutenganisha PTT kwa uangalifu mkubwa, kisha huunganisha waya wa sauti kutoka maikrokontrola hadi redio kwa kapasita moja na waya wa eathi, na pande mbili alizozitenganisha zikaungana tena. Kama sauti inapita kwa waya, nayo inahitaji transfoma ndogo ya kutenganisha, kwa kawaida ile ya omu 600 kwa 600. Bila hiyo ni afadhali kutumia BC547 na kuokoa fedha, kwa sababu usalama unaodhaniwa upo huku haupo humfanya mtu asichunguze mahali pengine.

Relei

Sifa kuu ya relei ni kwamba mguso wake haujali chochote kuhusu laini iliyopo upande wa pili: iwe chanya au hasi, iwe ya volti 3 au ya volti 100, mguso hufunga na kufungua kama kitufe. Kwa redio isiyo na mchoro, au transmita ya valvu yenye laini ya volti hasi, hakuna njia nyingine yenye uhakika wa namna hiyo kwa juhudi ndogo, mradi volteji na mkondo viwe ndani ya vipimo vya mguso.

Gharama yake ni kwamba relei ndogo ya buluu ya volti 5 inayopatikana kila duka la vifaa vya elektroniki, SRD-05VDC, ina koili ya takriban omu 70, hivyo huvuta karibu miliampia 71. Mkondo huo unazidi uwezo wa pini ya Uno, na wa pini ya ESP32 vilevile. Kwa hiyo relei nayo huhitaji transista ya kuiendesha, pamoja na diodi kama 1N4148 iliyowekwa kinyume sambamba na koili ili kumeza msukumo wa volti unaotokea koili inapozimwa. Mwenye kuchagua relei ili aepuke transista atajikuta na vyote viwili. Moduli za relei zilizokamilika tayari zina vifaa hivyo, ila nyingi kati yake hufunga mguso pini inaposhuka badala ya inapopanda, jambo ambalo lazima liingizwe kwenye programu tangu mstari wa kwanza.

Mguso uliotengenezwa kwa ampia 10 haukukusudiwa kubeba miliampia 3. Mkondo mkubwa husafisha uso wa mguso kila unapofunga, ilhali mkondo mdogo huacha utando wa oksidi ukue, na baada ya miezi kadhaa katika hewa yenye unyevu na chumvi, kama ile ya pwani, relei hulia bila redio kuitikia. Relei ya ridi, ambayo mguso wake umefungwa ndani ya kioo, haina tatizo hilo, hufunga kwa takriban milisekunde moja, na zipo ambazo koili yake ni ya omu 500, yaani miliampia 10 tu kwa volti 5. Kama umeamua kutumia relei kwa PTT, tumia ya ridi.

Kuhusu kasi, kwa data relei haina hatia. Relei ya kawaida huchukua hadi milisekunde 10 kufunga, lakini pakiti za APRS kwa desturi hutanguliwa na kama milisekunde 300 za kusubiri, ili transmita itulie na redio inayopokea ifungue skwelchi yake, yaani kizuizi cha kelele, kwa hiyo milisekunde 10 hazionekani. Kwa Morsi hali hubadilika. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika nukta moja ina milisekunde 60, na relei inayochelewa kufunga kwa 10 na kufungua kwa 5 hubadilisha umbo la kila herufi na kuongeza mitetemo ya mguso mwanzoni mwake. Tena, neno la kipimo PARIS lina mifungo 14, kwa hiyo maneno 20 kwa dakika ni mifungo 280 kila dakika na 16,800 kila saa, na relei yenye umri wa mifungo milioni 10 ya kimekanika ingeufikia katika takriban saa 595 za kurusha mfululizo. Kituo cha Morsi kinachofanya kazi usiku na mchana kingemaliza umri huo katika siku 25.

Sekunde za kuwaka na hatari ya kuganda

Hapa ndipo ninapoona ulinganisho mwingi ukikosea, kwa kusifu kifaa bila kutaja pini kinakounganishwa. Pini za ATmega328P huwa huru wakati wa kuwaka, lakini pini ya 13 ya Arduino Uno ina taa ambayo programu ya kuanzia huimulika kila bodi inapojiwasha upya, na bodi hujiwasha upya kila kompyuta inapofungua mawasiliano nayo kwa USB. Mwenye kuiweka PTT kwenye pini ya 13 atarusha mawimbi matupu kila anapofungua dirisha la kusoma data. Katika ESP32, pini za 5, 14 na 15 hutoa mapigo wakati wa kuwaka, na za 34 hadi 39 haziwezi kutoa chochote. Pini za 25, 26, 27, 32 na 33 ndizo za kuchagua. Katika ESP8266, pini za 0, 2 na 16 huwa juu wakati wa kuwaka, ilhali za 4 na 5 ni tulivu. Transista bora kabisa iliyounganishwa na pini isiyofaa itatii mapigo hayo kwa uaminifu uleule itakaotii nao programu yako.

Kisha kuna kuganda, na hapa optokapla, transista na relei ni sawa: pini ikibaki juu, zote huendelea kuishusha laini, na redio hurusha hadi mtu afike. Kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani ya ATmega328P, ambacho kinaweza kuwekwa hadi sekunde 8, huiwasha chipu upya programu ikikwama, nacho kiwashwe katika kila kituo. Ulinzi ninaouthamini zaidi kwa kituo cha mbali, hasa kile cha mlimani ambako kufika ni safari ya siku nzima, ni kuifanya pini ipige badala ya kusimama. Pini hutoa mapigo ya hertzi 1,000 kupitia kapasita ya nanofaradi 100, diodi mbili huyageuza kuwa volteji tulivu juu ya kapasita ya maikrofaradi 1 na rezista ya kiloomu 100, na volteji hiyo ndiyo inayofungua geti ya mosfeti. Pini ikiganda juu au ikiganda chini, mapigo hukoma, kapasita hujimaliza kwa sehemu ndogo ya sekunde, na redio hurudi kupokea. Mapigo hayo yaandikwe katika mzunguko mkuu wa programu, kwa kuwa kipima muda cha ndani kinachopewa kazi ya kuyatoa huendelea kupiga hata programu ikiwa imekwama. Kwa pini ya volti 3.3 tumia diodi za Schottky na mosfeti ya BSS138, kwa sababu diodi za kawaida hula volti 1.4 kati ya zile 3.3. Hii ndiyo sababu moja inayonifanya wakati mwingine niiweke mosfeti juu ya BC547, kwani geti isiyokula mkondo ndiyo inayoiwezesha saketi hii kuwa ndogo hivyo.

Kinachoigandisha maikrokontrola mara nyingi ni redio yenyewe. Katika MHz 144.8, masafa ya APRS yanayotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, robo ya urefu wa wimbi ni takriban sentimita 52, kwa hiyo waya wa PTT wa nusu mita ni antena nzuri inayoelekea moja kwa moja kwenye chipu. Optokapla haizuii hilo kikamilifu, wala relei, kwa sababu waya wenyewe hupokea na kurusha upya ndani ya kisanduku. Kapasita ya nanofaradi 1 kati ya PTT na eathi, iliyowekwa mahali waya unapoingia na miguu yake ikiwa mifupi, huwa na takriban omu 1 katika masafa hayo na humwaga sehemu kubwa ya mawimbi. Pete ya feraiti juu ya waya husaidia zaidi. Vitu hivi viwili viwepo bila kujali ni njia gani kati ya nne imechaguliwa.

Kwa nani, njia ipi

Kwa kituo kinachosimama chenyewe, chenye betri moja, paneli ya jua na redio ya mkononi, ninachagua BC547 na rezista zake mbili, na pale kituo kilipo mbali, mosfeti yenye saketi ya mapigo. Kwa redio iliyounganishwa na kompyuta, au yenye usambazaji wake tofauti wa umeme, ninachagua PC817 ya daraja C pamoja na transfoma ya sauti, na siichagui moja bila nyingine. Kwa ufunguo wa Morsi wa redio ndogo ya kisasa, transista inatosha. Kwa transmita ya valvu, relei ya ridi inayohimili volti zilizopimwa inafaa kubadilisha hali ya kurusha na kupokea, na kama ni kwa Morsi yenyewe, tafuta relei ya kielektroniki ya mwanga yenye mosfeti za volti za juu ndani yake. Pini tupu ibaki kwa moduli kama DRA818V.

Kabla ya kuunganisha antena, kifanyie kituo majaribio kwenye mzigo bandia katika hali zile ambazo mezani hazitokei zenyewe: washa redio kwanza kisha maikrokontrola, kisha kinyume chake, bonyeza kitufe cha kuiwasha upya maikrokontrola wakati redio inarusha, chomoa umeme wa maikrokontrola katikati ya pakiti, fungua mawasiliano ya USB mara kadhaa, na andika programu fupi inayojigandisha kwa makusudi pini ikiwa juu. Katika kila hali, redio inapaswa kurudi kupokea yenyewe. Halafu, ndani ya redio, weka kikomo cha muda wa kurusha, ambacho katika UV-5R kimo kwenye menyu ya TOT na huanzia sekunde 15, kwa sababu pakiti ya APRS hukamilika katika sekunde moja au mbili na hakuna sababu ya kuiachia redio dakika nzima. Awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nchini Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, mwenye kituo ndiye anayewajibika kwa kila sekunde redio yake inaporusha, na kikomo hicho hufanya kazi hata pale kila kitu alichokilehemu kwa mkono wake kimeshindwa.